Miezi Mitano Niliyoambiwa Niisahau

Juzi kazini mwenzangu mmoja alisimama kwenye mashine ya fotokopi akitoa nakala za vyeti vya mwanawe. Karatasi zilikuwa zinatoka moja moja, za moto, na ile harufu ya wino na vumbi lililoungua ikanifikia mpaka mezani kwangu. Akaniita nimsaidie kusoma fomu. Kulikuwa na jedwali lenye safu mbili, tarehe ya kutoka nchini na tarehe ya kurudi, naye akaniuliza kama zile wiki alizompeleka mtoto kwenye msiba wa babu yake zinahesabika. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Nikaenda chooni nikanawa uso, nikakaa huko mpaka mashine iliponyamaza.

Nina hasira, na nimechoka kuambiwa kwamba mambo hayo yamepita. Wenzangu mliokulia London na wazazi wenye mafaili ya plastiki chini ya kitanda mtanielewa. Wale wanaodhani uraia ni kitu ambacho mtu anazaliwa nacho, kama pua, wanaweza kusoma wakipenda, lakini siwaandikii wao.

Mimi nilizaliwa London, katika hospitali ambayo mpaka leo naiona nikipita na basi. Hilo halikutosha. Mama yangu ni mtu wa Tanga, na wakati huo alikuwa akiishi kwa kibali cha kuombwa upya kila baada ya miaka michache. Baba alikuwa ameshakwenda zake kabla sijaota meno. Kwa hiyo nilikuwa Mtanzania ambaye hajawahi kuiona Tanzania, na ilinibidi nitimize miaka kumi ndipo nipate haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia wa nchi niliyozaliwa. Hayo yote sikuyajua. Nilijua tu kwamba tunaishi chumba cha juu Southall, juu ya duka la vitambaa, na kwamba Mama anafanya kazi Hayes katika nyumba ya kutunzia wazee, anawaogesha na kuwalisha, halafu anarudi mikono imekauka kwa sabuni.

Nilipokuwa na miaka minne Mama alikosa mtu wa kuniangalia. Mwanamke aliyekuwa akinilea mchana alihamia mji mwingine, shule ya chekechea haikuwa na nafasi, na kazini walikuwa wameshamwonya kwa kuchelewa. Akafanya kile ambacho ukoo wake mzima ungekifanya bila kufikiri mara mbili: akanipeleka kwa Bibi. Nilisafiri na jirani aliyekuwa anakwenda harusini Muheza. Ilikuwa nikae wiki tatu. Zilipokwisha, Bibi akapiga simu akasema, "Muache kidogo, mtoto ndiyo kwanza anaanza kunenepa." Nikakaa miezi mitano.

Nakumbuka sakafu ya saruji iliyokuwa ya baridi hata mchana, na chai ya mchaichai, na Bibi ameketi kwenye mkeka anachagua mchele huku akinichokoza. Kwetu mjukuu wa kike anataniwa kuwa ni mke wa babu yake, basi Bibi aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu, leo zamu yako kumpikia bwana wetu, mimi nimechoka." Babu alikuwa amelala kwenye kochi, anasikia yote na hasemi kitu. Nilikwenda kule nikijua Kiingereza cha katuni tu, na baada ya wiki chache nilikuwa nimejifunza kumrudishia: "Pika mwenyewe, wewe ndiye mke mkubwa." Nyumba nzima ilicheka, na mimi nikagundua kwamba ninaweza kuwachekesha watu wazima. Niliporudi London nilikuwa nasema Kiswahili cha Tanga, mpaka Mama akanishangaa uwanja wa ndege. Tangu hapo nyumbani tukawa tunasema Kiswahili, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana Bibi alipiga simu tukaendelea na ugomvi wetu wa uke wenza.

Sasa nije kwenye fomu. Nilikuwa nakaribia miaka kumi. Mama alinichukua mpaka dukani kwa Bwana Jaswant, Mpanjabi aliyezaliwa Nakuru, ambaye kazi yake ilikuwa fotokopi na picha za pasipoti. Hakuwa wakili na hakujifanya wakili, lakini fomu zile alizijua kuliko wengi, na Mama alimpenda kwa sababu alisema Kiswahili, hata kama kilikuwa cha sokoni. Alikuwa amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine imening'inia shingoni. Alipitia karatasi zetu moja baada ya nyingine: kitabu chekundu cha chanjo, barua za shule, cheti cha kuzaliwa. Akafika mahali akasimama.

"Hapa wanauliza safari za mtoto," akasema. "Wewe umeandika hakuna."

"Hajasafiri popote," Mama akajibu. "Tangu azaliwe yuko hapa hapa."

Bwana Jaswant akafungua pasipoti yangu ya zamani, ile iliyokatwa pembe. "Na hii ni nini, dada? Iko muhuri ya kuingia Dar. Iko na ya kutoka."

"Aa, hiyo alikwenda kwa bibi yake."

"Sasa hiyo si safari?"

"Kwa bibi yake, jamani. Alikwenda kwao."

Mama hakuwa anadanganya. Kwake yeye safari ni kwenda kwa watu baki, mahali ambapo unaomba maji. Mtoto akienda kwa bibi yake amehamishwa chumba tu. Naapa kwamba mpaka dakika ile hakuwa amewahi kuiita miezi ile kwa jina la safari, na hata mimi niliona swali la Bwana Jaswant ni la ajabu. Lakini yeye alichukua kalenda ya ukutani na penseli, akahesabu mpaka mwisho, akaweka penseli chini.

"Iko shida kidogo, dada. Kila mwaka katika hiyo miaka kumi, mtoto asikae nje zaidi ya siku tisini. Huyu amepitisha."

"Akipitisha inakuwaje?"

"Wanaweza kukataa. Wanaweza pia kusamehe. Wewe andika ukweli, weka na barua, waambie kazi ilikuwa hivi na hivi."

"Kusamehe," Mama akarudia. Akaanza kukusanya karatasi kwa haraka, nyingine zikakunjika. "Nimemkosea nani mimi?"

Ndani ya basi alinikalisha dirishani. Halafu akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Sikiliza. Mtu yeyote akikuuliza, wewe Tanga hukwenda. Umezaliwa hapa, umekaa hapa. Umesikia? Wenyewe wanajua kila kitu. Wakisikia, wanaturudisha."

Wenyewe ndiyo jina alilowapa wale watu wa kwenye ofisi ya vibali. Hakuwahi kuwaita kitu kingine.

"Wanaturudisha kwa Bibi?" nikauliza.

"Nyamaza na Bibi."

Mtoto akipewa siri na mtu mzima anayetetemeka, halindi siri ile peke yake. Analinda na kila kinachoizunguka. Mimi nililala na kuamka nikiwaza jambo moja: Kiswahili nilikitoa wapi? Nilikitoa Tanga. Basi mtu akinisikia ninasema Kiswahili, amejua nilikwenda. Nilidhani watoto wengine wa Kitanzania waliozaliwa London wanajibu kwa Kiingereza kwa sababu hawakuwahi kupelekwa kwa bibi zao, na kwamba mimi peke yangu ninatembea na ushahidi kinywani. Wiki haikuisha, mwalimu wetu darasani akatuomba kila mmoja asalimie kwa lugha ya nyumbani kwao. Nilijisahau nikasema salamu ndefu ya Bibi, ya kuuliza habari za watu wote. Akafurahi, akaniuliza nilijifunzia wapi kusema vizuri hivyo. Huyo ndiye mwalimu aliyekuwa aje kusaini fomu yangu kuthibitisha kwamba ananijua. Siku ileile nikafunga mdomo.

Mama akisema, "Njoo ule," najibu, "Coming." Akisema, "Umeoga?" najibu, "Yes." Mwanzoni alicheka. Baadaye alinigombeza, kisha akazoea, kwa sababu alikuwa amezungukwa na wanawake wenye watoto wa namna hiyo. Sikukuu tulikwenda Harrow kwa rafiki yake, nyumba imejaa mama zangu wadogo wa kuchaguliwa. Mmoja akanisemesha, nikamjibu kwa Kiingereza, wakaangua kicheko. "Watoto wa London hao," akasema. "Ukimpa ugali anaomba uma." Mwingine akasema, "Kameshakuwa kazungu haka." Nilisimama pale na sahani yangu ya pilau, ninaelewa kila neno, na ninajua majibu matatu ambayo yangewanyamazisha wote. Niliwachukia wanawake wale, na nadhani bado ninawachukia kidogo.

Jumapili ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Wenyewe wanajua kila kitu, basi bila shaka wanasikiliza simu.

"Mke mwenzangu, hujambo? Bwana wetu leo kagoma kula, anasema chakula changu hakina chumvi."

"I'm fine, Bibi."

"Eti?"

"I'm fine."

Nikasikia akimuuliza Babu, "Anasemaje?" Sauti ya Babu ikasema hajui. Mama akachukua simu. "Anasema hajambo, Mama. Ndivyo walivyo watoto wa huku, wanabadilika." Mimi nikaondoka nikakaa kwenye ngazi, nikatafuna mkono wa sweta mpaka ukalowa. Alijaribu Jumapili nyingi. Alinichokoza, alinitukana matusi ya utani, siku moja alijifanya analia. Kisha utani ukaisha. Akawa anamuuliza Mama tu, "Mtoto mzima?" na akiambiwa mzima anasema, "Haya, msimlazimishe." Kiswahili hiki ninachoandikia nilikirudisha mwenyewe ukubwani, kwa vitabu na redio na ukaidi, wakati Bibi ameshazikwa.

Fomu ilipelekwa mara tu nilipotimiza miaka kumi, pamoja na ada ambayo Mama aliitafuta kwa kufanya kazi zamu za watu wengine mpaka miguu ikavimba. Sitaki hata kuizungumzia. Tukaitwa kwenda kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kabla ya kutoka nyumbani niliosha mikono mara tatu, nikisugua ncha za vidole kwa brashi ya kucha, maana sikuwa na uhakika vidole vinaonyesha nini. Kioo kilikuwa cha baridi. Mwanamke aliyekuwa akinibonyeza vidole alikuwa mpole, mwenye pete nyingi, na alitaka tu kunitoa wasiwasi.

"And do you speak any other languages, sweetheart?"

"No," nikasema.

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu. Kwenye treni ya kurudi hakunitazama mpaka tulipokaribia kushuka.

"Kumbe unatuonea haya," akasema.

Ningemjibuje? Jibu lenyewe lilikuwa kwa lugha niliyodhani imekatazwa, na kwa Kiingereza lisingemfikia kama lilivyokuwa moyoni. Akaninyooshea begi langu la shule nilibebe mwenyewe. Kila siku alikuwa akinibebea.

Halafu tukangoja. Masika ya Uingereza yakaja, kiangazi kikaja kikapita. Kila bahasha ikianguka mlangoni Mama alishuka ngazi kwa kukimbia, na akirudi mikono mitupu alipanda taratibu. Darasa letu lilikwenda Ufaransa kwa siku mbili nami nikabaki na watoto wa darasa la chini nikipaka rangi ramani. Siku hizi wakiniambia nielewe kwamba ofisi ina kazi nyingi, ninauliza swali moja. Mtu fulani alikuwa na faili langu mezani. Alikwenda likizo, labda Hispania, labda mbali zaidi, akarudi na ngozi imeiva kwa jua, na hakuna aliyechukua penseli na kalenda kumhesabia siku zake. Angekaa huko mwaka mzima akarudi, angebaki raia yuleyule. Mimi nilikuwa na miaka minne, nimekwenda kunywa chai kwa bibi yangu.

Barua ilikuja Jumamosi asubuhi. Mama hakuwa na miwani yake karibu, au alijidai hana, akanipa nimsomee. Aya ya kwanza ilisema ombi limekubaliwa. Alikaa kitandani akafunika uso kwa kanga, akasema alhamdulillah mara nyingi. Mimi macho yangu yalikuwa yameshafika aya ya pili, na pale nikaona neno Tanzania. Nikaona neno grandmother. Nikanyamaza.

"Endelea," Mama akasema.

Nilishindwa. Niliamini kwamba barua inatutega, kwamba mlangoni kuna mtu. Mama akaichukua mwenyewe, akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole kwa Kiingereza chake. Ilisema wameuzingatia muda ambao mwombaji alikuwa nje ya nchi akilelewa na bibi yake, kama ulivyoelezwa kwenye barua ya mama, na hawaoni kwamba ni sababu ya kulikataa ombi. Mistari miwili tu ilikuwa.

"Wamejuaje?" nikauliza.

"Niliwaandikia."

"Lini?"

"Kabla hatujapeleka fomu. Nilirudi dukani kwa Bwana Jaswant nikamwambia basi, tuandike kweli yote. Tukaweka na barua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mtoto mdogo wewe? Mambo ya fomu."

Alikuwa bado anatabasamu. Kisha tabasamu likamtoka kidogo kidogo. Akaiweka barua chini, akanigeukia mzima.

"Unasema Kiswahili," akasema.

Nikamweleza. Ilitoka vibaya, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, maana maneno mengi sikuyakuta nilipoyaacha. Nilimwambia habari za mwalimu, za simu, za vidole. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye zile Jumapili, akaanza kujipiga paja kwa kiganja, taratibu, tena na tena. "Mimi nilisema usiseme habari za Tanga," akasema. "Sikusema usiseme na mama yangu." Nilimpigia kelele kwamba ni jambo lilelile. Naye akanipigia kelele kwamba alikuwa peke yake, kwamba angefanya nini, kwamba alikuwa na hofu hata ya kivuli chake. Tulilia wote wawili, kila mtu upande wake wa kitanda, siku ambayo wenzetu wangepika biriani. Nilimsamehe miaka mingi baadaye. Wenyewe sijawasamehe, wala hawajaniomba.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Asubuhi nzima nilijifungia bafuni nikijizoeza sentensi za Kiswahili. Nilitaka kumwamkia Bibi, nimwambie kwamba mke mdogo amerudi na anataka zamu yake, halafu nimweleze yote tangu mwanzo. Simu ilipolia Mama alinipa bila hata kuipokea kwanza.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

Kisha sauti yake, imepanda juu, ya mtu anayesoma: "Hello. Good afternoon, my granddaughter."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nyuma yake kulikuwa na sauti ya mwanamke mwingine inamnong'oneza. Baadaye Mama aliambiwa kwamba ni Mwalimu Mwanaidi, jirani mstaafu, na kwamba Bibi alikuwa akienda kwake alasiri tatu kila wiki na daftari la mistari, yeye ambaye alitolewa shule akiwa na miaka tisa. Alikuwa ameanza tangu ule mwezi alioacha kunitania. Hakumwambia mtu, alitaka kwanza awe tayari.

"Bibi, mimi nasema Kiswahili," nikasema. "Nataka kukuambia kitu."

"No, no," akasema, na nilisikia anavyotabasamu. "English. I am learning for you."

Nikamtazama Mama. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Ile hotuba yangu ya bafuni ilikuwa yote ipo, imepangwa, na nikaona kwamba nikiitoa nitakuwa ninamwambia kwamba miezi yake yote ya daftari ilikuwa ya bure, kama yangu. Sikuweza. Nikamwacha asome. Akaniuliza habari za shule, nikamjibu. Akasema yeye ni mzima sana na babu yangu ni mzima sana. Akasema leo hakuna mvua. Akasema ananipenda, na hilo alilisema polepole, neno moja moja, asikosee hata moja.

Kisha sentensi zikamwishia. Nikasikia kurasa za daftari zinageuzwa, anatafuta, hapati, na mnong'ono wa Mwalimu umekoma. Akakohoa kidogo, akarudi ukurasa wa kwanza.

"Hello," akasema. "Good afternoon, my granddaughter."

"Good afternoon, Bibi," nikamjibu, huku nikiitazama barua ya Wenyewe mezani na kuichukia kila mstari.